Wali wa Bakuli Jekundu

Kawasaki, 8 Novemba 1992

Mama,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mjukuu wako Misato mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi mara mbili, kwa hiyo ukiikuta imefunguliwa unajua wa kumuuliza. Simu ingekuwa rahisi zaidi, lakini wewe hutaki simu ndani ya nyumba, na sikio lako la kulia lilishastaafu. Tuandikiane basi.

Nimekueleza juu juu tu, sasa nakueleza wazi. Ugonjwa wa Misato ni wa hali ya moyo. Unampandisha juu mpaka hashikiki, kisha unamshusha mpaka hawezi kunyanyua vijiti vya kulia. Machi alikesha siku nne mfululizo akiimba na kugawa madaftari yake njiani, halafu akalala miezi miwili ameugeukia ukuta. Ana miaka kumi na minne, Mama. Shule imesema apumzike, na mimi kiwanda cha vyakula hakiniruhusu kukaa nyumbani. Sina mtu mwingine ila wewe.

Vidonge ni mia na ishirini, vya miezi miwili. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Najua utaviweka kwanza kwenye kabati la marehemu, mbele ya picha zao, kama kila kitu kinachoingia nyumbani kwako. Viweke, lakini uvitoe. Umwone akimeza. Dawa hii ni ndugu ya chumvi, na ikizidi mwilini ni sumu: kiu isiyoisha, mikono kutetemeka, ladha ya chuma mdomoni, miguu kuyumba, akili kupotea. Ndiyo maana kila mwezi lazima apimwe damu pale mjini.

Na jambo la mwisho, ulishike kuliko yote. Akianza kuwa mchangamfu mno, analala kidogo na kufanya kazi nyingi, huko si kupona.

Mkweo,
Kazue


Bonde la Sarukawa, 15 Novemba 1992

Kazue,

Marahaba. Mtoto amefika mzima, amekonda kama kijiti cha kuchokolea meno. Mnakula nini huko kiwandani?

Dawa niliziweka kwenye kabati siku ya kwanza, nikapiga kengele, nikamwambia baba yake na babu yake kwamba zimefika. Nikazitoa. Sijazeeka kiasi hicho. Asubuhi na jioni namwambia fungua mdomo, inua ulimi. Bi. Chiba wa duka la tofu ya soya ameuliza mtoto ana nini, nikamwambia upungufu wa damu. Hapa kwetu jina la ugonjwa likishatoka mlangoni halirudi.

Ameipenda picha ya shangazi yake. Anakaa mbele ya kabati na kumtazama Chizuko kana kwamba wanashindana nani atapepesa macho kwanza. Ameuliza kwa nini Chizuko ana bakuli lake mwenyewe, lile jekundu dogo, na wenzake wanakula pamoja. Nikamwambia alikuwa mdogo wa nyumba. Ameuliza alikufa na nini. Nimemwambia kifua, kama nilivyokwambia wewe ulipoolewa.

Wali wa marehemu nikiushusha simpi. Anasema hali makombo ya wafu. Haya, nakula mimi, naumwagia chai ya moto na kufuatisha figili. Chakula kilichotolewa kwa marehemu hakitupwi katika nyumba hii.

Asante kwa ile supu ya paketi. Ina chumvi nyingi. Hata ile uliyonipikia ya kwanza baada ya harusi ilizidi punje tatu, nami nilikwambia.

Tome


Sarukawa, 22 Novemba

Mama,

Nameza. Nameza. Nameza. Bibi ananikagua kama askari wa forodha. Wiki hii ameanza kuchoka kwa sababu miwani yake haioni chini ya ulimi, kwa hiyo ameniachia mfuko nijihudumie. Usimgombeze.

Hapa kuna baridi ya kijinga. Maji ya kunawia yanaganda ndani ya ndoo. Mchana hakuna sauti yoyote ila theluji ikidondoka kutoka paani, na Bibi akinong'ona mbele ya kabati. Ananong'ona kila siku baada ya kifungua kinywa, muda mrefu. Nikiingia ananyamaza.

Shangazi Chizuko ana kidevu changu. Umewahi kuona? Mbona hukuniambia?

Misato


Kawasaki, 1 Desemba 1992

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba anakula. Ila sijapata majibu ya damu, na siku ya kupima ilikuwa wiki iliyopita. Tafadhali niandikie walichosema.

Usinicheke. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini namwekea Misato bakuli lake mezani, lenye kifuniko, kama mama yangu alivyokuwa akimwekea baba alipokwenda kufanya kazi mbali. Ukifunua ukakuta umande ndani ya kifuniko, aliye safarini ni mzima. Mama yangu aliamini hivyo. Mimi sijui naamini nini, lakini nafunua.

Siku tatu hizi kifuniko kimekuwa kikavu. Wali ulikuwa unafuka moshi, na kifuniko kikavu. Labda ni kwa sababu ya baridi ya jikoni.

Na yeye mwambie kwamba kidevu ni cha baba yake.

Kazue


Sarukawa, 10 Desemba 1992

Kazue,

Umande, umande. Mimi nina habari bora kuliko umande. Mtoto amepona.

Anaamka kabla yangu. Nikitoka chumbani nakuta korido imesuguliwa mpaka najiona uso. Amepanga ghala lote, amefua mapazia, amemwandikia Bi. Chiba bango jipya la duka, na Bi. Chiba, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu vita viishe, amemsifu. Na anaimba. Kazue, anaimba ule wimbo wa kuchumia majani ya mforosadi. Hapa hakuna aliyefuga viwavi vya hariri kwa miaka thelathini. Nilimuuliza nani kamfundisha, akacheka tu.

Kuhusu damu, basi halikupita kwa ajili ya theluji. Na kwa nini nimchome sindano mtoto anayeimba?

Samahani kwa mwandiko. Mkono unatetemeka siku hizi, uzee umekuja na mizigo yake yote mara moja. Nakunywa maji kama farasi na kiu haikatiki. Chai yenyewe ina ladha ya birika. Chizuko naye alikuwa na kiu hivihivi msimu ule wa mwisho, akivunja barafu ya ndoo kwa mkono ili anywe.

Tome


Kawasaki, 14 Desemba 1992

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini. Kuamka kabla ya kila mtu, kusugua, kuimba: nilikuandikia kwamba huko si kupona. Ndivyo ilivyoanza Machi. Nakuomba kwa heshima zote, hesabu vidonge vilivyobaki. Mpeleke hospitali hata kwa gari la Bi. Chiba, na umwambie Bi. Chiba ukweli ikibidi. Aibu haijamuua mtu, ugonjwa huu unaua.

Mwenyewe upumzike, uuweke mkono karibu na moto. Umri wako si wa kuchota maji kwenye barafu. Nimeomba ruhusa ya mwaka mpya, nakuja tarehe thelathini.

Tangu lini Chizuko alikuwa na kiu? Uliniambia kifua.

Kazue


Sarukawa, 20 Desemba

Kazue

Nimehesabu. Vimebaki arobaini. Siku arobaini, viwili kila siku, vimetoka themanini. Hesabu imekaa sawa kama meno ya kitana. Unataka nini tena?

Asubuhi nilimkuta amekaa mbele ya kabati amevaa kimono cha buluu cha Chizuko. Mimi nilikifungia ndani ya sanduku la chini na ufunguo ninao shingoni. Nikasema, Chizuko, utapata baridi. Akageuka, akajibu. Akasema, "Mama, leo sina baridi." Sikumsahihisha. Ilikuwa miaka thelathini na moja sijaitwa mama na sauti ya binti yangu. Wewe ukiniita ni kwa adabu tu.

Miguu inakwenda kushoto nikitaka kulia. Kiu. Sakafu inapumua. Nimeandika ukurasa huu kwa siku mbili. Usije, barabara ni mbaya. Tuko watu wawili tunatosha, au watatu.

T.


Sarukawa, 24 Desemba

Mama Mama Mama,

sikiliza, nimepata jambo zuri na nikikwambia utalia kwa furaha. Mimi siumwi. Aliyeumwa ni shangazi, na aliyepaswa kupewa dawa ni yeye, na hakupewa. Ameniambia mwenyewe! Zake zilitupwa mtoni kutoka darajani, ndani ya mfuko wa karatasi wenye jina lake, na mfuko haukuzama upesi, ulizunguka kwanza. Mtu akikosa dawa anaendelea kuikosa hata akifa, si ndiyo? Kwa hiyo nampa zangu.

Nilimeza siku sita za mwanzo, halafu nikaanza. Cha jioni nakificha kwenye soksi, asubuhi naviponda vyote viwili kwa mgongo wa kijiko, nachanganya kwenye wali wake wa bakuli jekundu kabla Bibi hajaupeleka. Unga ni mchungu, nimeonja, lakini analamba wote. Kila siku bakuli linarudi jikoni tupu. Tupu kabisa, Mama! Wafu wengine hawali hivyo.

Na sasa amepona, anaimba na mimi, sauti mbili kooni mwangu, na anasema theluji ya darajani haina baridi ukivua soksi. Kungoja mwaka mpya upite ni mbali. Nafikiri tutakwenda Jumamosi asubuhi, Bibi akiwa bado anahangaika kusimama. Maskini Bibi siku hizi anatembea kama mtoto wa siku ya kwanza.

Sina usingizi hata kidogo na sihitaji. Nakupenda mpaka mikono inauma.

Misato


Kawasaki, 10 Januari 1993

Mama,

Wauguzi wamesema sasa unaweza kusoma, kwa hiyo naandika. Misato niko naye huku. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havitarudi. Amelazwa, ameanza kumeza tena, na analala saa nyingi. Hajui bado kama ana hasira na mimi.

Barua yake ilinifikia Jumamosi asubuhi, natoka zamu. Nilifika sentensi ya bakuli tupu nikaelewa nani amekuwa akilimaliza. Nilipiga simu duka la tofu mpaka kidole kikafa ganzi. Bi. Chiba alikimbia na aproni. Alimkuta Misato juu ya daraja, miguu mitupu, kimono cha buluu, akiimba. Wewe alikukuta katikati ya shamba umetambaa kwa mikono, mdomo umejaa theluji, unamwita Chizuko. Amenisimulia mara mbili na mara zote mbili ilibidi akae chini.

Daktari wa huko alipima damu ya Misato, akakuta haina dawa hata chembe. Akapima yako. Alidhani mashine imeharibika. Anasema wiki moja zaidi, ningezika watu wawili.

Sikulaumu kwa usilolijua. Nataka nilimalize hapo. Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Misato anasema unga ule ni mchungu, ukiuweka hata kidogo kwenye ulimi unakunja uso. Wewe uliionja supu yangu miaka ishirini iliyopita ukasema imezidi punje tatu za chumvi, na kweli ilizidi. Ulikula wali ule karibu siku arobaini. Hukuusikia uchungu wake?

Kazue


Hospitali, 21 Januari 1993

Kazue,

Mkono umetulia, utaona mwandiko. Hii ndiyo barua ambayo ningepaswa kukuandikia kabla ya harusi yako.

Niliusikia. Siku ya kwanza nilidhani ni majani ya chai yameoza. Siku ya pili niliiacha chai, nikala wali mtupu polepole, nikaukuta unga katikati. Sikuhitaji kuuliza. Kijiko kilikuwa jikoni na mgongo wake mweupe.

Chizuko hakufa kwa kifua. Alipanda na kushuka kama Misato, hatua kwa hatua. Alipokuwa na miaka kumi na tisa daktari wa mkoani alimpa dawa, za kahawia, kwenye mfuko wa karatasi. Mwezi ule watu walikuwa wanakuja kumtazama kwa ajili ya ndoa. Niliogopa mshenga angeuona mfuko. Nikautupa kutoka darajani, ukazunguka mara mbili, ukazama. Chizuko akauliza dawa zake ziko wapi, nikamwambia daktari kasema umepona. Alinishukuru. Februari alikwenda darajani miguu mitupu. Nikawaambia watu kifua.

Hilo la mfuko sijamwambia mtu aliye hai. Lakini kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja nimelinong'ona mbele ya kabati. Huenda Misato alisikia nyuma ya mlango wa karatasi. Nakuandikia hivyo kwa sababu nataka iwe hivyo. Ufunguo wa sanduku haukutoka shingoni mwangu, na hilo sina la kulieleza.

Sasa sikiliza la aibu zaidi. Nilipoukuta ule unga nilijiambia, kula, Tome, zile ulizomnyima ndizo hizi, onja. Nilijiona natubu. Ningekuwa natubu, ningekula siku moja, kisha nikamshika mtoto sikio. Lakini siku ya kumi hivi alianza kuimba. Kazue, ilikuwa sauti yenyewe. Wimbo wa mforosadi, na pale katikati anapokosea neno, akakosea lilelile. Nilijua dawa zikimrudia mtoto, sauti itaondoka. Nikataka siku moja zaidi. Kila siku nilitaka moja tu zaidi. Uliponiandikia nihesabu vidonge, nilivihesabu nikijua vimekwenda wapi.

Nilikula dawa ya mjukuu wangu ili binti yangu aimbe. Nimeliandika, halifutiki.

Asubuhi ile nilisikia mlango wa mbele unafunguliwa. Nilijua mlio ule. Mara ya kwanza, mwaka ule, niliusikia nikabaki kitandani kwa sababu nilikuwa nimechoka naye. Safari hii niliinuka, na miguu haikuwepo. Nilikwenda nilivyoweza.

Usimlete tena kwangu. Usinisamehe haraka, nitajua ni adabu. Bi. Chiba nimemwambia jina la ugonjwa, wa zamani na wa sasa. Akasema kumbe dada yake naye aliugua hivyo. Miaka yote hii tunauziana tofu.

Tome


Kawasaki, 3 Machi 1993

Bibi,

Shikamoo. Naandika polepole, kila kitu ni polepole. Natembea vizuri ila nikikimbia nakwenda upande, utanicheka.

Mama alipata barua yako Januari. Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, halafu akaiweka mbele ya picha ya Baba. Alisema aisome kwanza Baba, maana wewe ni mama yake. Ilikaa hapo wiki tano. Sikuruhusiwa kuigusa, nikaigusa, kwa hiyo najua. Nilikukasirikia siku tatu. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa unatoa vidonge kwenye mfuko siku za mwanzo, ukivishika kwa ncha za vidole kama mayai ya kwale, nikachoka kukasirika.

Jana asubuhi Mama aliweka mezani bakuli la tatu, lenye kifuniko. Sikuuliza la nani. Alikwenda kuoga, nikafunua. Kilikuwa na umande mpaka unadondoka. Mama alitoka, akaniona nimekishika, akasema, "Basi ameshakula huko." Akakifunika tena.

Anasimama mbele yangu nikinywa dawa. Fungua mdomo, inua ulimi. Nafungua. Mikono yangu sasa inatetemeka kidogo na nina kiu, lakini daktari anasema ni kiu ya kawaida, ya watu wanaoendelea kuishi na dawa hii.

Jambo moja nataka kukuuliza wewe tu. Shangazi hajasema kitu tangu hospitali. Kooni kuna sauti moja. Nilijaribu kuimba ule wimbo, sikumbuki hata neno la kwanza. Daktari amefurahi sana, ameandika. Mimi nilifika nyumbani nikalia.

Wewe bado unaishi karibu naye. Ukimsikia asubuhi, ukishapiga kengele, usimpe kitu kingine, bakuli libaki na wali tu. Mwambie zangu nimemeza.

Misato